Nyasi Kwanza: Chakula cha Sungura Mwenye Tumbo Baya

Aina ya sehemu: mazungumzo ya mtu mmoja, pamoja na maswali ya vikundi vya wasikilizaji
Sauti: Mtangazaji, Mhudumu wa mifugo kutoka mpakani Busia
Kwa: wasikilizaji walio kambini na kwenye makazi ya wakimbizi

MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA NA KUBAKI CHINI

MTANGAZAJI: Wapendwa wasikilizaji, popote mlipo: Kakuma, Kalobeyei, Kiryandongo, Nakivale, Kyangwali, na kila nyumba ambako sauti hii inafika. Karibuni tena. Mmetuuliza maswali mengi kuhusu wanyama wadogo wa nyumbani, na moja limerudi mara nyingi: "Sungura wa mtoto wangu anaharisha. Nimpe chakula gani?" Wengine wanasema: "Tumbo limevimba, hataki kula." Tumemwomba mhudumu wa mifugo anayezunguka vijiji vya Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, atujibu. Kama kuna mtoto nyumbani anayefuga sungura, mwite akae karibu na redio. Ndugu yetu, karibu.

MUZIKI UNAZIMA

MHUDUMU: Asante sana mtangazaji. Hamjambo ndugu zangu.

Ninazungumza nanyi kutoka Busia. Kwa asiyeijua, Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Upande wa mashariki ni Kenya, upande wa magharibi ni Uganda, na katikati kuna kituo cha mpaka ambako malori hupanga foleni. Ukienda kaskazini unafika Malaba, na ukivuka Malaba unafika Tororo, mji ulio chini ya jiwe kubwa ambalo unaliona kabla hujaziona nyumba. Chakula kingi cha msaada kinachotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda na nchi za jirani kinapita njia hizi. Huenda hata unga ulio kwenye gunia lako ulipita mbele ya mlango wangu.

Na watu wa hapa wanajua ukimbizi ni nini. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, familia nyingi zilivuka mpaka hapa Busia na Malaba zikiwa na mizigo kichwani. Wengi walipokelewa Mulanda, katika wilaya ya Tororo, na baadaye wakapelekwa Kiryandongo. Kwa hiyo nikizungumzia sungura wa mtoto katika nyumba yenye chakula kidogo, sizungumzii mchezo. Mtoto aliyeacha kila kitu nyuma, ukimpa mnyama wa kutunza, umempa kitu cha kuamkia asubuhi. Mnyama huyo akifa ghafla, na mtoto ndiye aliyemlisha, huzuni yake ni kubwa kuliko tunavyofikiri sisi wazee.

Sasa sikilizeni neno langu la leo. Hata redio ikizimika baada ya hapo, utakuwa umepata lililo muhimu.

Chakula kinachoponya tumbo la sungura ni kile ambacho hakuna mtu nyumbani anayekitaka: nyasi. Nyasi ngumu, nyasi kavu, zenye nyuzi nyingi. Na chakula kinachomharibu ni kile tunachompa kwa upendo: ugali uliobaki, mkate, chapati, biskuti, ndizi mbivu, punje za mahindi. Tunampa kwa sababu tunampenda. Lakini tumbo lake halijui upendo, linajua nyasi.

MUZIKI MFUPI

MHUDUMU: Kwa nini iwe hivyo? Sungura si mbuzi, wala si kuku. Mbuzi anacheua. Kuku ana firigisi ya kusaga punje. Sungura ana tumbo dogo, halafu mwisho wa utumbo mwembamba ana mfuko mkubwa, mkubwa kuliko kiungo kingine chochote ndani ya tumbo lake. Ndani ya mfuko huo vinaishi vijidudu vizuri, vingi sana, na kazi yao ni kuchachusha nyasi.

Watu wa Tororo wanajua chungu cha malwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu. Kama hunywi pombe, fikiria uji uliochachuka au maziwa ya mgando. Chungu kizuri kinachacha polepole. Ukitia kitu kisichostahili, au ukitia kitu kipya kingi kwa mara moja, chungu kinaharibika: kinatoa povu, kinanuka, kinavimba. Tumbo la sungura ni chungu hicho. Ukitia ugali, mkate au sukari, vijidudu vibaya vinapata karamu. Vinaongezeka, vinatoa gesi na sumu. Vile vizuri vinakufa.

Jambo la pili: sungura hatapiki. Mtu akila kibaya anaweza kutapika akapona. Sungura hawezi. Kilichoingia lazima kipite chote hadi mwisho, na kinachokisukuma ni nyuzi za nyasi. Bila nyuzi, utumbo unalegea na kusimama.

Jambo la tatu: meno yake hayaachi kukua. Meno ya mbele yanaweza kukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Nyasi ngumu ndizo zinazoyasaga. Sungura anayekula vyakula laini tu, meno yanarefuka, mdomo unauma, anaacha kula, na tumbo linasimama. Ukimwona anatokwa na mate kidevuni, au anachukua chakula kisha anakiangusha, ujue shida huenda imeanzia kwenye meno.

Na jambo la nne, ambalo huwashangaza wengi. Sungura ana vinyesi vya aina mbili. Mchana anatoa vidonge vya duara, vikavu, ukivivunja unaona nyuzi za nyasi. Usiku au alfajiri anatoa vingine, laini, vinavyong'aa, vilivyoshikana kama shanga. Hivyo anavila mwenyewe, moja kwa moja kutoka mwilini. Usimzuie, usimpige, usimwambie mtoto kwamba sungura wake ni mchafu. Hivyo ni chakula chenye protini na vitamini kutoka kwenye chungu chake.

MUZIKI MFUPI

MHUDUMU: Niwaeleze kisa cha hapa kwetu. Mama mmoja anayeuza omena sokoni, au mukene kama wanavyosema upande wa Uganda, aliniletea sungura ndani ya kikapu. Alikuja na binti yake wa miaka kumi hivi.

"Daktari," mama akasema, "huyu tangu jana jioni hali. Na tunamlisha vizuri, hata mkate tunampa."

Hapa wafugaji hutuita daktari hata sisi wahudumu wa kijijini. Nikamgeukia binti. "Mwanangu, niambie anakula nini kwa siku."

Akahesabu kwa vidole. Asubuhi, mkate. Mchana, kabichi kutoka sokoni. Kisha mahindi yaliyomwagika barabarani kutoka kwenye malori. Jioni, ugali.

"Na nyasi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nyasi si za ng'ombe?"

Nikamshika sungura. Alijikunja kama mpira, macho nusu yamefumba, anasaga meno. Huko kusaga meno si kutafuna, ni maumivu. Tumbo halikuwa limevimba, lakini lilikuwa kimya. Ukiweka sikio kwenye tumbo la sungura mzima unasikia mlio mdogo wa maji na gesi vikitembea. Huyu hakuwa na sauti.

Sikumdunga sindano. Tulimwondolea mkate, mahindi, kabichi na ugali. Tulimwekea nyasi kavu mbele ya pua, na maji safi. Tulimfunika kwa kitambaa apate joto. Binti alimpapasa tumbo kwa vidole, taratibu, na kila baada ya muda akamweka chini atembee. Usiku sungura alivuta unyasi mmoja. Kesho yake mchana vikatoka vidonge vitatu vya kinyesi, vidogo kama mbegu za pilipili. Binti alipiga kelele za furaha kana kwamba ameokota pesa. Na kweli, vidonge vile vilikuwa na thamani kuliko pesa: utumbo ulikuwa umeanza kutembea.

Si kila sungura anapona hivyo. Yule aliletwa mapema, na hilo ndilo lililomwokoa. Sungura ambaye hajala kwa saa 12 ni mgonjwa wa haraka. Usiseme, "Tungoje kesho tuone."

MUZIKI MFUPI

MHUDUMU: Sasa tuingie kwenye chakula chenyewe. Kwanza tambua ni tumbo la aina gani.

Tumbo la kwanza ni lililosimama. Hali, hatoi kinyesi, au kinyesi kimekuwa kidogo na kigumu. Huyu mpe nyasi kavu kadiri atakavyo, na maji. Kama anakataa nyasi kavu, mvutie kwa majani machache mabichi yenye harufu nzuri, kwa mfano giligilani au majani ya viazi vitamu yaliyonyaushwa. Akikataa kabisa, na tumbo halijavimba, twanga nyasi kavu hadi ziwe unga, pepeta, changanya na maji ya uvuguvugu. Mpe kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, kidogo kidogo, kwa upande wa mdomo, ukingoja ameze. Usimlaze chali, atapaliwa.

Tumbo la pili ni la kuhara. Hapa angalia vizuri. Kama vile vinyesi laini vya usiku vinabaki chini bila kuliwa au vinamgandia manyoya ya nyuma, lakini bado anatoa na vidonge vikavu, basi mara nyingi ni kwamba anapewa nafaka au majani mabichi mengi mno. Ondoa nafaka zote. Punguza majani. Mpe nyasi kavu na maji kwa siku kadhaa, umsafishe nyuma kwa kitambaa chenye maji na umkaushe, kwa sababu nzi watataga hapo.

Lakini kama anatoa maji matupu, au damu, au ute kama kamasi, hilo si jambo la chakula peke yake. Mtafute mhudumu wa mifugo siku hiyo hiyo. Watoto wa sungura wa wiki 4 hadi 10, wale wanaoachishwa maziwa, ndio wanaokufa zaidi. Wengi wao wanasumbuliwa na koksidia, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyopita kwenye kinyesi na kuingia kwenye chakula kilichowekwa chini kwenye unyevu. Chakula kizuri kitamsaidia, lakini ugonjwa huo unahitaji dawa yake.

Tumbo la tatu ni lililovimba na kukaza kama ngoma. Huyu usimlishe kwa nguvu hata kidogo. Mwache na nyasi kavu na maji, mtie joto, na utafute msaada haraka. Tumbo la namna hii linaua kwa saa, siyo kwa siku.

Na hapa niseme jambo zito kuhusu dawa. Wako watu ambao mnyama akiharisha wanafungua kidonge cha binadamu kilichobaki, wanampa. Amoksilini na ampisilini, dawa ambazo wengi wetu tumepewa zahanati, zikipita mdomoni mwa sungura zinaua vile vijidudu vizuri kwenye chungu chake, na sungura anakufa baada ya siku chache kwa kuhara. Watu husema ugonjwa umemuua, kumbe ni dawa. Dawa uliyopewa wewe, imalize wewe kama ulivyoambiwa. Usimpe sungura.

MUZIKI MFUPI

MHUDUMU: Sungura akishapata nafuu, au kama bado hajaugua, mlishe namna hii. Fikiria sahani. Sehemu kubwa ya sahani ni nyasi, kavu au zilizonyauka: kila siku rundo lenye ukubwa kama mwili wake, na likiisha, ongeza. Sehemu ndogo ni majani mabichi, konzi moja au mbili. Na pembeni kabisa, kama ipo, kijiko kimoja cha pumba. Kama hakuna pumba, hajapungukiwa na kitu.

Nyasi gani? Karibu nyasi zote za malisho zinafaa: nyasi za kutambaa za kandokando ya njia, nyasi ndefu za malishoni, nepia ambayo wengine wanaiita mabingobingo. Nepia ichague changa na uikatekate. Maganda makavu ya mahindi, yale yanayofunika gunzi, yanafaa kama hayana ukungu.

Majani gani? Majani ya viazi vitamu, ambayo ndugu zetu wa Kongo wanayaita matembele. Mchicha, ambao Kongo ni lengalenga na Uganda ni dodo. Majani ya kunde. Lile gugu lenye mbegu nyeusi ndefu zinazonata kwenye nguo, ambalo Waganda wanaliita ssere: sungura analipenda sana. Majani ya karanga baada ya kuvuna, yale ambayo hapa Tororo yanabaki mashambani kwa wingi, ni mazuri yakikaushwa vizuri, lakini kidogo, na yakiwa na ukungu yachome.

Majani mabichi usiyape yakiwa na umande au maji ya mvua. Yakate mchana, yatandaze kivulini saa kadhaa yanyauke, ndipo umpe. Msimu wa mvua ndefu ukianza, mwezi wa tatu, hapa kwetu tunapata kesi nyingi za kuhara, kwa sababu watu wanatoka kwenye nyasi kavu za kiangazi na kuingia ghafla kwenye majani laini yaliyojaa maji. Chungu kinashtuka. Chakula kipya kianze na jani moja. Ngoja siku moja, tazama kinyesi. Kikiwa sawa, ongeza kidogo. Badilisha chakula kwa siku 7 hadi 10, siyo kwa siku moja.

Vya kuepuka navyo ni hivi. Kabichi nyingi huleta gesi. Kisamvu kibichi, yaani sombe, kina sumu, na ndiyo maana hata sisi tunakipika kwa muda mrefu. Majani machanga ya mtama nayo yana sumu. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya parachichi, hapana. Maharage mabichi, hapana. Mbarika, hapana. Ndulele, hapana. Kile kichaka chenye vishada vya maua madogo ya njano, chungwa na waridi na harufu kali, watu wa kilimo wanakiita lantana, hapana. Jani usilolijua, usimjaribie mnyama mgonjwa. Waulize wenyeji, maana wao wanajua mbuzi wao hukwepa nini.

Usikate nyasi karibu na vyoo, wala mahali mbwa wanapojisaidia, wala shamba lililopuliziwa dawa. Hapa kwetu ninawakataza pia kukata kandokando ya foleni ya malori. Nyasi zile zina mafuta na vumbi.

Wako watakaoniuliza kuhusu chakula cha dukani. Chakula cha sungura kipo kwenye baadhi ya maduka ya mifugo. Ukikinunua, soma kwenye gunia: nyuzi ziwe asilimia 18 au zaidi. Hata hivyo kisizidi kijiko au viwili kwa siku, na hakichukui nafasi ya nyasi. Chakula cha kuku usimpe kabisa. Kina nafaka nyingi, na kingine kimechanganywa na dawa za kuku ambazo zinaweza kumuua sungura.

MUZIKI MFUPI

MHUDUMU: Najua kuna msikilizaji yuko Kakuma anasema, "Ndugu, huku kwetu ni mchanga na miiba. Nyasi nitazitoa wapi?" Ni swali la haki. Jibu ni kukausha nyasi wakati zipo. Mvua ikinyesha, hata iwe fupi, nyasi huota. Zikate zinapoanza kutoa maua, kabla mbegu hazijakomaa. Zitandaze juani siku mbili au tatu, ukizigeuza. Zikiwa tayari zinalia zikivunjwa, na bado zina ukijani na harufu tamu. Zifunge vifungu, zitundike juu ndani ya nyumba, mbali na panya na matone ya mvua. Gunia moja lililoshindiliwa litamlisha sungura mmoja siku nyingi. Ama maganda ya mathenge, ni matamu, yana sukari. Kwa sungura mwenye tumbo baya, yaache.

Lakini nyasi zina mwenyewe. Nyasi za nje ya kambi ni malisho ya mifugo ya wenyeji, na ugomvi mwingi umeanzia kwenye kitu kidogo kama hicho. Nenda na viongozi wa mtaa wako, ombeni ruhusa, mkubaliane mahali. Na usimtume mtoto peke yake, hasa msichana, kwenda mbali kukata nyasi. Waende kikundi, pamoja na mtu mzima, mchana. Hakuna sungura anayestahili hatari hiyo. Kama nyasi za karibu haziwezi kulisha sungura watatu, fuga mmoja.

Kila asubuhi, kabla ya chakula, mtoto atazame mambo manne. Moja, amekula zile nyasi za usiku? Mbili, kinyesi kiko wapi, kingi au kichache, kikubwa au kidogo? Tatu, maji yamepungua? Nne, anakuja ukimwita, au amejikunja pembeni? Ni kazi ya dakika moja. Kinyesi cha sungura ni barua anayoiandika kila usiku. Mtoto anayeijua kuisoma atakuambia sungura anaumwa kabla mimi sijaitwa. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni.

Weka nyasi kwenye kihori kilichoinuliwa, hata kikapu kilichotundikwa kinatosha, zisikanyagwe wala kukojolewa. Maji yawepo mchana na usiku. Sungura asiye na maji anaacha kula, na tumbo linasimama.

Namalizia na jambo la jikoni. Katika miaka hii mgao wa chakula umepunguzwa katika kambi nyingi, mnajua kuliko mimi. Nimesikia mama akisema, "Siwezi kufuga, sina cha kumpa mwanangu, nitampa nini sungura?" Na nimesikia mtoto aliyekuwa akificha nusu ya ugali wake chini ya shati, ampelekee sungura. Mama, mwambie mtoto huyo kwa upole. Usimgombeze, moyo wake ni mzuri. Mwambie: "Mwanangu, ugali huu ule wewe. Ukimpa sungura, utalala njaa wewe, na yeye ataumwa tumbo. Tukamtafutie nyasi." Sungura hakuumbwa kugombania sufuria na mtoto. Kila mmoja ana chakula chake, na cha sungura kinaota chini.

Mungu awalinde.

MUZIKI UNAPANDA TARATIBU

MTANGAZAJI: Asante sana ndugu yetu wa Busia. Wapendwa wasikilizaji, tuyakusanye. Nyasi kavu kwanza, kila siku, na maji safi. Majani mabichi machache, yakiwa yamenyauka. Ugali, mkate, biskuti na punje za mahindi visimfikie. Chakula kipya kianze kidogo kidogo. Dawa za binadamu, hapana. Na sungura ambaye hajala saa 12, usingoje kesho.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, jadilini maswali haya baada ya kipindi:

1. Ni nyasi na majani gani ya hapa tulipo ambayo sungura anaweza kula? Kila mtu alete moja, na wenyeji au wazee watusaidie kulitambua.
2. Nyasi za karibu ni za nani, na tutaombaje ruhusa bila ugomvi?
3. Ni nani katika mtaa wetu mwenye ujuzi wa mifugo, na anapatikana wapi usiku?
4. Mtoto akimpa sungura chakula chake mwenyewe, tutamwambia nini bila kumvunja moyo?

Wiki ijayo tutazungumzia banda la sungura msimu wa mvua. Mpaka wakati huo, mtunze jirani yako, mtunze mnyama wako. Kwaherini.

MUZIKI WA KIPINDI HADI MWISHO